Meno ya Jumapili: Namna ya Kucheka Bei Zikipanda

Vuta kigoda, ndugu yangu. Tuongee taratibu, maana jirani anasikia, naye ana shida hiihii ila hajaikubali. Dawa ya mswaki imepanda, kahawa bado iko mtini, na Jumamosi kuna harusi Kayanga ambako utapigwa picha ukicheka. Mwongozo huu ni wako. Umeandikwa kwa ajili ya Karagwe na Kyerwa, wilaya mbili zilizokuwa moja hadi mwaka 2012. Zilipoachana ziligawana mipaka na vyeo, lakini bei hazikugawana: kinachopanda Omurushaka kinapanda na Nkwenda, na nauli juu yake.

Fuata hatua. Usiruke, ila pale nitakapokuambia uruke.

Hatua ya kwanza: yajue meno yako ya kazi

Mtu mzima ana meno 32, kama yote bado yapo. Usiyatendee sawa. Ukicheka kwa adabu yanaonekana sita ya juu. Ukicheka kwa dhati, nane. Hayo ndiyo meno ya Jumapili, na hayo ndiyo ya kupigwa mswaki. Magego yako gizani, hayapigwi picha, na hakuna mkwe aliyewahi kukataa posa kwa sababu ya gego la nyuma. Ukiyaruka unaokoa zaidi ya nusu ya dawa, na katika zile dakika mbili wanazodai wataalamu unabakiwa na moja na nusu ya kutafutia kiatu cha pili.

Mpango huu una kasoro moja tu. Gego lina mabonde juu yake, na kila kilichopita kinaacha kitu humo: ndizi, chai ya sukari, mandazi. Vijidudu vya kinywani vinakula mabaki ya utamu, vinatoa tindikali, na tindikali inatoboa polepole bila kumwambia mtu. Taarifa huja saa nane usiku, wakati bodaboda anataka nauli mara mbili. Ukifika hospitalini, Nyakahanga au kwingine, ukiwa umechelewa kiasi hicho, mazungumzo ni mafupi: ganzi, koleo, pamba. Usihuzunike. Ni jino moja pungufu la kusugua, na kuna watu wanaokoa dawa kwa mtindo huo mpaka wamebaki na mawili.

Hatua ya pili: kamua

Tyubu haijaisha mpaka imepasuliwa. Anza mkiani: kunja, sukuma dawa mbele kwa mpini wa kijiko, kunja tena. Ikigoma, ilaze mezani uipitishie chupa tupu ya soda kuanzia nyuma. Ikigoma tena, leta wembe. Kata karibu na shingo, usikate katikati, ili kile kipande cha juu kiwe kofia ya kufunikia cha chini dawa isikauke. Ndani utakuta kuta nyeupe ambazo mwenye kiwanda alijua utazitupa. Ingiza mswaki, zungusha, chota. Familia ya watu watano inaweza kuishi humo siku kadhaa kwa amani, alimradi baba ndiye aamke wa mwisho.

Sasa la muhimu: mgeni asiione hiyo tyubu iliyopasuliwa. Kwa ajili ya wageni weka nyingine nzima, na boksi lake, dirishani bafuni. Hiyo haitumiki, na mtoto atakayeigusa aelezwe kwa ukali kwamba hiyo ni ya watu.

Hatua ya tatu: mkia wa kwenye tangazo

Litazame tangazo lolote la dawa ya mswaki, lolote kabisa. Dawa imelala kuanzia mwanzo wa mswaki hadi mwisho, na mwishoni imejipinda mkia wa mapambo. Aliyechora ule mkia alilipwa na anayeuza dawa. Mkanda mzima wa namna ile ni gramu moja na zaidi. Kiasi kinachotosha ni punje ya njegere, takribani robo gramu. Mtoto wa chini ya miaka mitatu, punje ya mchele. Piga hesabu mwenyewe. Tyubu ya gramu 100, mtu mmoja, mara mbili kwa siku: kwa mkia wa tangazo haifikishi hata siku hamsini, kwa njegere inakwenda siku mia mbili. Unalalamikia bei iliyoongezeka kwa mia mbili, kumbe robo tatu ya tyubu inaondoka na mate.

Na hapohapo kwenye mate: tema, usisukutue. Madini ya floraidi yaliyomo kwenye dawa ndiyo yanayolinda jino, na ukisukutua kwa kikombe kizima umeyamwaga chini pamoja na maji ambayo mtu aliyapandisha kilima kwa ndoo kichwani.

Nasema haya kwa masikitiko. Mwongozo wa ujanja unaona haya kutoa ushauri ambao daktari naye anautoa bure. Tuliache hilo haraka, tuendelee.

Hatua ya nne: mswaki haustaafu

Wataalamu wanasema mswaki ubadilishwe kila baada ya miezi mitatu au minne, nywele zikishaanza kulala. Sisi tunasema mswaki unahamishwa kituo. Zikilala, geuza mkono usugulie upande wa pili. Zikilala upande wa pili pia, peleka mswaki kwenye viatu. Kutoka viatuni uende kwenye mnyororo wa baiskeli, na kutoka kwenye mnyororo uende kwa fundi cherehani akatolee vumbi la nyuzi. Utaratibu huu hauna dosari ilimradi safari iwe ya kwenda tu. Nimeona nyumba ambamo kuna kurudi.

Kuhusu kuchangia mswaki mmoja watu wawili, hata mimi nina mipaka.

Hatua ya tano: mswaki wa mti, na faida zake kisiasa

Huu ni wa bure, unamea, na ukitafunwa vizuri nchani unachanua na kusugua kweli, mradi uufikishe hadi kwenye magego na kwenye fizi. Lakini faida yake kubwa sisi tunaijua: unaweza kukaa nao mdomoni mchana kutwa. Mwenye mswaki wa plastiki anaonwa na ukoo wake peke yake, alfajiri, akiwa na taulo. Mwenye kijiti anaonwa na soko zima. Tembea nacho gulioni Nkwenda kuanzia saa tatu hadi saa saba, kisogeze kushoto, kisogeze kulia, tema pembeni kwa heshima. Watu watasema, yule mzee anajitunza. Na ukikutana na mtu anayekudai, onyesha kijiti, inua nyusi, pita. Huwezi kuongea, unapiga mswaki.

Hatua ya sita: mkaa, chumvi na majivu

Wazee wanaokumbuka mwanzoni mwa miaka ya 1980, vita vya Kagera vimetoka kuisha, watakuambia dawa ya mswaki ilipatikana kwa kujuana. Bidhaa zilipitia RTC, kampuni ya biashara ya mkoa, na bei ya serikali ilikuwa nafuu mno. Shida ilikuwa kwamba chenyewe kilichopangiwa bei hakikuwepo. Mwaka 1983, Waziri Mkuu Sokoine alipotangaza vita dhidi ya wahujumu uchumi, tyubu na mche wa sabuni vilikuwa mali ya kufichwa darini. Watu walisugua meno kwa mkaa uliosagwa, wakasugua kwa chumvi, na wakacheka hivyohivyo.

Unaruhusiwa kuwaiga, ila ujue unachopata. Mkaa unafanya meno yaonekane meupe kwa sababu unayakwangua. Ukiuzoea, unakwangua na ngozi ngumu ya jino ambayo haioti tena. Chumvi inaburudisha fizi, haina floraidi. Majivu yana kazi moja tu ya uhakika, nayo ni ukaguzi wa shuleni. Mtoto aliyesahau kupiga mswaki anachovya kidole jikoni, anapaka ya mbele, anakimbia. Mstarini mwalimu wa zamu anapita: kucha, kola, meno. Anayekaguliwa anakenua mpaka masikio yanasogea, na mwalimu, ambaye naye ametoka nyumbani mbio, anakagua kwa mbali.

Hatua ya saba: kahawa kabla ya kikao

Harufu ya kinywa ni suala la itifaki. Huku kwetu bahati ipo: mgeni anakaribishwa kwa kahawa ya kutafuna. Ukijua unakwenda kuongea karibukaribu na mtu mwenye maamuzi, tafuna punje mbili tatu ukiwa njiani. Yeye naye atakuwa ametafuna zake. Mtaongea vizuri sana, kila mmoja akijua.

Hatua ya nane: kuwa mtabiri wa bei

Hapa nakaa kidogo, maana wengi wanaharibu. Mtu anayejua kutabiri bei haulizwi kwa nini kola yake imechakaa; anaonekana ni mtu wa mambo mazito. Kanuni ni chache.

Tabiri kupanda, usitaje tarehe. Hujawahi kukosea wala hutakosea.

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, amka mapema. EWURA, mamlaka ya nishati na maji, inatoa bei kikomo za mafuta, na orodha inakwenda wilaya kwa wilaya, bei ikipanda kadiri unavyozidi kuwa mbali na bandari. Usipoteze muda kwenye mistari ya Dar es Salaam. Teremka hadi Kagera, tafuta Kyerwa. Bei yake huwa miongoni mwa zile za juu kabisa nchini, kwa sababu lita hiyo imesafiri zaidi ya kilomita 1,300 kuja kukuona. Isome kwa sauti kijiweni. Halafu nyamaza. Kila kitu kilichofika hapa kwa lori, na dawa ya mswaki imo, kiko ndani ya namba hiyo.

Mafuta yakishuka, sema: "Huku bado hayajafika." Ni kweli, mwenye duka atakuambia mzigo huu aliununua kwa bei ya zamani. Yakipanda, huo mzigo wa zamani nao unapanda saa hiyohiyo. Usimchukie. Hela ya mzigo ujao ataitoa wapi?

Sasa takwimu. Ofisi ya Taifa ya Takwimu ilitangaza kwamba mfumuko wa bei wa Juni 2025 ulikuwa asilimia 3.3. Benki Kuu inataka ubaki kati ya 3 na 5, na Julai mwaka huohuo ikashusha riba yake kutoka 6 hadi 5.75 kwa kuridhika. Kijiweni mtu atapiga kelele kwamba wanadanganya. Wewe tabasamu (sita ya juu tu) na umweleze hivi: hawadanganyi. Wao wana kapu la bidhaa na huduma mamia, nchi nzima, na wanachukua wastani. Wewe una kapu lenye sabuni, chumvi, mafuta ya taa na tyubu, kutoka duka moja. Tena asilimia 3.3 ya shilingi 1,000 ni shilingi 33. Nani ana shilingi 33? Sarafu tunazoshika ni za 50, 100, 200 na 500. Kwa hiyo bei ya dukani haipandi kwa mwendo wa takwimu. Inakaa palepale mwaka mzima, imetulia, halafu asubuhi moja inaruka kutoka 1,000 hadi 1,200. Kitaifa ni tatu na kitu. Hapo dirishani kwa mwenye duka ni ishirini, na wote wawili wanasema kweli.

Na kabla haijaruka, inakonda. Msikilize mama huyu wa Omurushaka:

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ile dawa ya elfu moja ipo?"

"Ipo, mama. Bei ileile."

"Bei ileile, ila yenyewe imekonda."

"Waitu, mama, hata mimi nimekonda."

Akiibuka mtu kusema, "Lakini redio imesema mfumuko umepungua," mshike bega. Mfumuko kupungua maana yake bei zinapanda polepole zaidi. Hakuna aliyesema zinashuka. Matarajio, ukitaka kuyatamka kwa sauti nzito, ni hayo: Benki Kuu ikifanikiwa kabisa kama ilivyopanga, tyubu yako itaendelea kupanda. Kwa mwendo wa asilimia 3.3 bei inajirudia mara mbili baada ya miaka kama 21. Katikati ya miaka ya 1980, mfumuko ulipokuwa asilimia 30 na zaidi, ilihitaji chini ya mitatu. Baada ya kusema hayo, aga. Mtabiri hakai kusubiri maswali.

Hatua ya tisa: usipige mswaki kwa butura

Hii naisema kwa sauti ya kawaida, kwa sababu nakupenda. Kuna miezi ambayo nyumba nyingi hazina hela, na mkahawa una maua. Atakuja mtu mpole, ana daftari, atanunua kahawa yako ikiwa bado ua. Ndiyo butura. Viongozi wa mkoa wameipiga marufuku mara nyingi, na kila mwaka inafika kabla ya marufuku. Tuseme anakupa 1,000 kwa kilo ambayo msimu ukifunguliwa chama cha msingi kingekulipa 4,000. Tyubu ya 2,000 uliyonunua kwa hela hiyo imekugharimu 8,000. Hakuna ongezeko la bei lililotangazwa na mtu yeyote, benki wala redio, linaloifikia hiyo. Kopa dukani. Mwenye duka naye ana daftari, lakini lake linaandika tyubu moja kama tyubu moja.

Vuka mpaka pale Murongo ukapate tyubu ya Uganda kwa bei nafuu? Vuka, ila soma tarehe ya mwisho wa matumizi kabla hujafurahi, na utoe nauli ya kwenda na kurudi kwenye faida yako. Ukibaki na kitu, niletee nikione.

Hatua ya kumi: senene na kijiti cha meno

Msimu wa senene, sahau yote niliyosema. Senene wanaposhuka kwa wingi wanaliwa na kila mtu. Wanapoadimika, kopo moja linauzwa kwa bei ya kumtisha mtu mwenye kazi. Mwaka wa namna hiyo, ukibahatika kuonja, usipige mswaki jioni hiyo. Mguu mmoja mdogo ulionasa kati ya jino la kwanza na la pili unaongea kuliko suti. Cheka kwa dhati, yale nane.

Wasio na senene watumie kijiti. Kula ndizi zako na maharage nyumbani, kisha utoke usimame mbele ya bucha ukichokonoa kwa mawazo mengi. Maharage hayanasi, lakini nani atakuja kukagua?

Ukiitwa na daktari wa meno

Atauliza: "Unapiga mswaki mara ngapi kwa siku?" Jibu: "Mara mbili, daktari." Usiseme tatu, tatu inatia shaka. Kosa la wengi ni kujiandaa asubuhi hiyohiyo: mtu anasugua kwa nguvu za mwezi mzima, anafika kliniki fizi zinavuja damu, na daktari anajua kila kitu kabla hajakaa. Fizi zinazotoka damu zinapoguswa mara nyingi ni fizi zilizosahauliwa. Anza wiki mbili kabla, taratibu, kila usiku, hadi zinyamaze. Najua, hiyo ni sawa na kupiga mswaki kweli. Udanganyifu mzuri una kazi zake.

Hatua ya mwisho: sukari

Kati ya vitu vyote vinavyoweza kupanda bei, hiki ndicho meno yanakiombea kizidi kupanda. Mwanzoni mwa mwaka 2024 mvua za El Niño zilikwamisha mavuno ya miwa, sukari ikaadimika, na kilo ikapita shilingi 4,000 sehemu nyingi za nchi. Sisi kiwanda cha sukari kiko Misenyi, jirani hapo, na bado tuliinunua kwa foleni. Hali hiyo ikirudi, heshima yako itajaribiwa sebuleni, mbele ya mgeni, kikombe kikiwa mkononi.

Usiseme sukari imeisha. Mwekee mgeni kijiko chake kimoja kilichobaki, wewe kunywa kavu, na useme: "Daktari amenikataza." Sema kwa kuchoka kidogo, kama mtu aliyezoea kuonwa na madaktari. Atakuhurumia, atakuheshimu, na pengine yeye naye ataacha kijiko nusu. Kukatazwa sukari ni ugonjwa wa watu wenye nafasi, usiuelezee sana.

Bei ikishuka, pona polepole. Wiki ya kwanza nusu kijiko, wiki ya pili kimoja, huku ukisema vipimo vimekuja vizuri. Watu wasije wakaona umepona siku ileile Bodi ya Sukari ilipotangaza bei elekezi.